Barua ya wazi kwa mnaosimamia majengo ya umma: mnapitisha picha, tunaokaa ndani ni sisi

Kwa waheshimiwa wenyeviti na wajumbe wa kamati za ujenzi, wakurugenzi mnaosaini tenda, na maafisa mnaogonga muhuri kwenye ramani za hospitali, shule, maktaba na ofisi za umma.

YAH: MAJENGO YANAYOPENDEZA KWENYE PICHA NA KUWASUMBUA WALIOMO NDANI

Ndugu waheshimiwa, salaam. Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Naandika hadharani kwa sababu njia za kimya kimya nimezimaliza. Nimetuma barua pepe, nimepeleka barua kwa mkono masjala ikagongwa muhuri, nimenyoosha kidole kwenye vikao vya kukusanya maoni, na jibu ni lile lile kila siku, "maoni yako yamepokelewa na yatafanyiwa kazi", afu kimya. Sina ugomvi na mtu na sitataja ofisi wala kampuni yoyote humu, maana ninacholalamikia kinajirudia jengo hadi jengo, nikimtaja mmoja wengine watajiona hawahusiki.

Kazi yangu ni fanicha na marekebisho ya ndani. Sisi tunaitwa jengo likishafunguliwa, utepe umekatwa, msanifu ameshalipwa na kuondoka. Tunaitwa kufunga mapazia kwenye ukuta wa kioo ambao kwenye picha haukuwa na pazia. Tunaitwa kubandika mistari ya kuzuia kuteleza kwenye ngazi zilizowekwa marumaru laini kama barafu. Tunaitwa kutoboa, kukata, kuziba. Kwa hiyo majengo yenu nayajua kwa upande ambao nyie hamuoni, na lalamiko langu kubwa ni moja, mengine yote yanatokea humo: mnapitisha muonekano, hampitishi maisha ya watakaokuwemo.

1. Picha ndo inashinda tenda.

Kikao cha kupitisha mchoro mnakijua kuliko mimi. Taa zinapunguzwa, projekta inawashwa, inakuja picha ya kompyuta jengo linang'aa, jua la jioni, watu wachache wamevaa vizuri wanatembea taratibu na hakuna hata mmoja aliyebeba mzigo, hakuna foleni, hakuna mgonjwa anayesukumwa kwenye kitanda, hakuna mtoto analia, hakuna ndoo ya kudekia, mvua hainyeshi. Mara nyingi picha yenyewe inaonyesha jengo kutoka juu angani, sehemu ambayo hakuna mtumiaji atakayesimama maisha yake yote. Watu wanapiga makofi. Sasa naomba niulize kwa heshima, ni nani kwenye hicho kikao huwa anaomba aonyeshwe choo? Nani anauliza mlango wa choo ukifunguliwa aliyeko kwenye foleni ataona nini? Nani anauliza mama mwenye mtoto mgongoni na begi mkononi ataufungua vipi ule mlango mzito wa kioo?

Na hili halihusu wenye hela ndogo peke yao. London kuna jengo refu pale 20 Fenchurch Street, upande wake mmoja umepinda kwa ndani na ni vioo vitupu, mwaka 2013 likiwa bado linajengwa ule mkunjo ulikusanya jua ukalimwaga mtaani kwa nguvu hadi ukayeyusha sehemu za gari lililopaki chini. Baadae ikabidi wafunge vizuia jua kwa nje. Aliyelichora ni Rafael Viñoly, mtu mwenye jina kubwa kabisa kwenye fani, na hoteli aliyoichora kule Las Vegas ilikuwa imeshaleta shida ya aina hiyo hiyo kwa watu waliokaa pembeni ya bwawa la kuogelea. Jina kubwa na picha nzuri havitoshi, lazima mtu akae aulize jua la saa sita mchana litapiga wapi.

2. Mwili wa nani ndo kipimo?

Hapa ndo panaponiuma zaidi, naomba mnivumilie nikae kidogo.

Le Corbusier, ambaye kila mwanafunzi wa usanifu anamsoma, alitunga mfumo wa vipimo akauita Modulor, na msingi wake ni mwanaume mwenye urefu wa mita 1.83. Mwanamke hakuwa msingi wa ile hesabu, mtoto hakuwa, mtu wa kiti cha magurudumu hakuwa. Ni miaka mingi imepita ila huyo mwanaume bado namkuta kwenye majengo mapya, kwenye swichi, kwenye vioo vya bafuni, kwenye makabati, na zaidi ya yote kwenye kaunta.

Kuna kaunta ya mapokezi tuliitwa kuirekebisha kwenye jengo moja la huduma za afya. Imejengwa kwa zege ikavishwa jiwe jeusi linalong'aa, kimo chake kinanifika kifuani na mimi sio mfupi. Juu kuna kioo chenye tundu dogo la kuongelea, na tundu limewekwa usawa wa mdomo wa mtu mrefu aliyesimama. Mtu akija kwenye kiti cha magurudumu anachokiona mbele yake ni jiwe tu. Mhudumu hamuoni, anasikia sauti, anasimama, anachungulia, anamwambia "ongea kwa nguvu", na yule mtu inabidi ataje ugonjwa wake kwa sauti na korido nzima inasikia. Niliyaona haya nikiwa nimeshika futi kamba mkononi, nikaona aibu kwa niaba ya kila aliyesaini ule mchoro. Tukaambiwa tuikate. Ndani kuna nondo, nyaya za umeme na za kompyuta zimepitishwa humo humo, haikatiki bila kuvunja kila kitu, mwisho tukaweka meza ndogo ya mbao pembeni. Basi hiyo meza ndo inafanya kazi, watu wote wanaenda hapo, warefu kwa wafupi, wanakaa, wanaongea kwa sauti ya kawaida, na ile kaunta ya jiwe imebaki ya kuwekea maua ya plastiki.

Anayeona haya ni mambo madogo aitazame hospitali ya kifua kikuu ya Paimio kule Finland, iliyokamilika 1933. Alvar Aalto na mkewe Aino, ambaye naye alikuwa msanifu, walianzia kwa mtu aliyelala chali kitandani, kwa sababu mgonjwa wa kifua kikuu enzi hizo alikuwa analala miezi na miezi. Aliyelala anaangalia dari, kwa hiyo dari ikapakwa kijani kilichotulia, na taa ikakaa mahali ambapo haimchomi macho. Chumba kilikuwa cha wagonjwa wawili, kwa hiyo sinki likaumbwa kwa mwinamo ambao maji yakianguka hayapigi kelele, mmoja akinawa mwenzie asisumbuke. Vitasa vya milango vimekunjwa ili mkono wa koti la daktari usinase. Hata kiti walichokitengeneza, cha mbao nyembamba zilizopindwa, mlalo wake ulipangwa kumsaidia mgonjwa apumue vizuri, na leo kile kiti kinawekwa kwenye makumbusho ya sanaa. Sasa niambieni hapo kazi ya msanifu imeishia wapi na ya seremala imeanzia wapi, au ya mchoraji rangi, au ya daktari? Ile ilikuwa kazi moja, wakaifanya kama kazi moja.

3. Madirisha yasiyofunguka.

Hili nalipitia haraka kwa sababu kila aliyekaa kwenye ofisi ya kioo analijua. Jengo zima limefungwa, hewa yote inategemea mashine, mashine ikiharibika au umeme ukikatika watu wanakaa kwenye joto wameegemea kioo ambacho hakina hata sehemu ya kupenyeza mkono. Tunaitwa kubandika karatasi nyeusi ili jua lisipige skrini za kompyuta, na chini ya hizo karatasi taa zinawaka mchana kutwa. Yani kioo kimewekwa ili mwanga uingie, afu mwanga unazuiwa, afu mwanga unanunuliwa.

Kwa wanaosimamia hospitali naongeza kitu kimoja. Mwaka 1984 Roger Ulrich alichapisha kwenye jarida la Science utafiti wa wagonjwa waliotolewa kibofu cha nyongo kwenye hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani. Wagonjwa 23 dirisha lao lilikuwa linaangalia miti, wengine 23 linaangalia ukuta wa matofali. Wale wa miti walikaa hospitali wastani wa siku 7.96, wale wa ukuta 8.70, na wa miti walihitaji dawa kali za maumivu kwa uchache zaidi. Ni utafiti wa watu wachache, sawa, lakini kuamua dirisha liangalie wapi mnaweza kuamua mchoro ukiwa bado wa penseli, na hakuna hela inayotoka.

4. Vigae vya wasioona vimegeuzwa pambo.

Vile vigae vyenye vinundu na mistari mnavyoviona chini kwenye vituo vya treni, vilibuniwa na Mjapani Seiichi Miyake mwaka 1965, na vikawekwa mtaani kwa mara ya kwanza 1967 huko Okayama, karibu na shule ya wasioona. Mistari maana yake endelea, vinundu maana yake simama kuna kitu mbele. Ni lugha kamili inayosomwa kwa unyayo na kwa fimbo. Na rangi yake ya njano ina kazi, maana wengi wanaohesabika kama wasioona bado wanaona kidogo, wanaihitaji ile tofauti ya rangi.

Sasa mimi nimeona vigae hivi vimepakwa kijivu kilekile cha sakafu kwa sababu eti njano inaharibu muonekano. Nimeona mstari unampeleka mtu moja kwa moja hadi kwenye nguzo. Nimeona vinundu vimetandazwa ukumbi mzima kama nakshi, fimbo inagonga vinundu kila upande, mtu hajui asimame au aende. Waheshimiwa, hapo kuna mtu alilipwa kuchora, mwingine akalipwa kukagua, mwingine akasaini, na katika wote hao hakuna aliyemuita mtu mmoja asiyeona aje apite na fimbo yake kabla gundi haijakauka.

5. Sanaa mnaileta ikiwa imebaki wiki moja ya ufunguzi.

Sipingi sanaa, naipenda, na ndo maana naisemea. Utaratibu ulivyo sasa jengo likiisha mnaona ukuta wa ukumbini uko mtupu, mnatafuta michoro mikubwa inayofanana na rangi ya sofa, au sanamu moja ya chuma pale nje kwenye mzunguko wa magari ambako hakuna mtu anayeweza kuifikia kwa miguu. Tunaitwa kutoboa ukuta, tunapachika, kesho yake utepe. Msanii mwenyewe mara nyingi hata hajawahi kuingia humo ndani.

Mwaka 1951 Ufaransa ilianza utaratibu wa kutenga asilimia 1 ya gharama ya ujenzi wa shule kwa ajili ya kazi ya sanaa ya jengo hilo. Asilimia moja, wala sio hela ya kutisha. Na ukitaka kuona sanaa na jengo vikizaliwa pamoja angalia Maktaba Kuu ya chuo kikuu cha UNAM, Mexico City, ya miaka ya 1950. Juan O'Gorman alikuwa msanifu na mchoraji kwa pamoja. Ghala la vitabu lilihitaji kuta zisizo na madirisha mengi kwa sababu jua linaua vitabu, na wengine wangeishia kuwa na boksi kubwa la zege. Yeye zile kuta akazifunika pande zote nne kwa picha za vipande vya mawe, karibu mita za mraba 4,000, mawe ya rangi za asili yaliyokusanywa sehemu mbalimbali za nchi ili jua na mvua visifute rangi. Hitaji la vitabu ndo lililoleta ukuta, ukuta ukaleta picha, picha ikaamua mawe. Hicho kitu hakiwezekani kama msanii anapigiwa simu wiki ya mwisho.

Hata kwa kidogo inawezekana. Msanifu wa Kiholanzi Aldo van Eyck kuanzia 1947 alitengeneza viwanja vya watoto kuchezea zaidi ya 700 mjini Amsterdam, vingi kwenye vipande vya ardhi vilivyobaki wazi baada ya vita, kwa mchanga, zege na mabomba ya chuma tu. Mabomba yamepindwa kuwa upinde, zege limemwagwa kuwa duara la kuwekea mchanga. Hakuna umbo la tembo wala la treni, mtoto mwenyewe anaamua leo hiki ni nini. Kwangu mimi ile ni sanaa nzuri kuliko sanamu nyingi nilizowahi kuzifunga bolti.

6. Anayesafisha hayumo kwenye mchoro.

Ghorofa nzima haina bomba la kujazia ndoo wala sehemu ya kumwaga maji machafu, dada wa usafi anapanda na kushuka ngazi na maji, na taa zimetundikwa juu ya ukumbi kiasi kwamba balbu ikiungua inabaki hivyo hivyo maana hakuna ngazi inayofika. Miaka mitatu baadae mnashangaa jengo limechakaa.

Sasa najua mtakachojibu, nimeshayasikia.

Mtasema bajeti haitoshi. Msanifu Francis Kéré alijenga shule ya msingi kijijini kwao Gando, Burkina Faso, ikakamilika 2001, na hela aliichangisha mwenyewe akiwa bado mwanafunzi Ujerumani. Matofali ni ya udongo uliochanganywa na saruji kidogo, juu kuna dari ya matofali, na bati limeinuliwa juu ya hiyo dari likaachiwa nafasi ili hewa ya moto itoke na upepo upite katikati, hakuna mashine ya kupooza hata moja. Wanakijiji wenyewe ndo walijenga. Ikapata Tuzo ya Aga Khan ya usanifu mwaka 2004, na 2022 Kéré akawa Mwafrika wa kwanza kupewa tuzo ya Pritzker, ile kubwa kabisa ya usanifu duniani. Kwa hiyo bajeti naielewa, ila kaunta ya jiwe jeusi nayo ilitoka kwenye bajeti.

Mtasema haya ni mambo ya wataalam, mtumiaji hajui anachotaka. Msanifu Lina Bo Bardi alipopewa kiwanda kikuukuu cha mapipa huko São Paulo mwaka 1977 akigeuze kuwa kituo cha jamii, alikwenda mwishoni mwa wiki akakuta familia tayari wanakitumia, watoto wanacheza mpira ndani, wazee wapo, mapaa yanavuja na watu wamefurahi. Akaamua kiwanda kibaki. Ofisi yake akaiweka pale pale kwenye eneo la ujenzi, anachora na mafundi wakiwa mbele yake, viti na meza akavichora mwenyewe. Kituo hicho, SESC Pompéia, hadi leo kinajaa watu, kuna wanaosoma, wanaofinyanga, wanaoogelea, na kuna waliokuja kukaa tu. Utaalam wake haukupungua kwa kuwasikiliza wale watoto wa mpira.

Na mtasema watu wenyewe ndo wanaharibu. Hili ndo jibu linalonikera kuliko yote. Pruitt-Igoe, St. Louis, Marekani, majengo 33 ya ghorofa 11 yaliyojengwa miaka ya 1950 kwa ajili ya watu wa kipato cha chini. Ili kubana gharama lifti hazikusimama kila ghorofa, zilikuwa zinaruka, kwa hiyo wengi walimalizia safari kwenye ngazi, na ngazi zile zikawa sehemu za kukabwa. Hela ya matunzo ilitegemea kodi za wapangaji ambao walikuwa wanazidi kupungua. Kubomoa kukaanza 1972. Kwa miaka mingi lawama walibebeshwa wapangaji, wengine wakamlaumu msanifu Minoru Yamasaki peke yake, na waliobana bajeti ya lifti na ya matunzo wakapita pembeni. Mwenzenu kila nikiitwa kurekebisha kitasa kilichong'oka huwa naangalia kwanza kilifungwa kwa skrubu za aina gani.

Kwa hiyo waheshimiwa, ninachoomba ni hiki, na naomba kijibiwe kimoja kimoja kwa maandishi:

Kwanza, hakuna mchoro wa jengo la umma kupitishwa kabla haujakaa mezani na watu watakaolitumia, na namaanisha wenyewe, nesi, mlinzi, mwalimu, dada wa usafi, mtu asiyeona, mtu wa kiti cha magurudumu, walipwe posho ya kikao kama wajumbe wengine, na hoja zao ziandikwe pamoja na majibu ya msanifu.

Pili, kabla ya kuagiza jiwe na kioo, kaunta moja, chumba kimoja na choo kimoja vitengenezwe kwa mbao za bei rahisi kwa ukubwa halisi, watu wavijaribu. Kazi hiyo fundi seremala anaimaliza kwa siku chache, na kukata mbao hakuhitaji kuvunja nondo.

Tatu, msanii na fundi waingie siku ya kwanza ya mchoro, na fungu lao liandikwe kwenye mkataba lisiwe la kukatwa kwanza hela zikipungua.

Nne, sehemu ya malipo ya msanifu na ya mkandarasi ishikiliwe hadi mwaka mmoja upite tangu jengo kufunguliwa, warudi, wakae humo siku nzima za kazi, wasikilize, warekebishe.

Tano, malalamiko ya watumiaji na majibu yake yabandikwe wazi kwenye mlango wa jengo lenyewe.

Nitasubiri majibu hadi kikao chenu kijacho cha kupitisha michoro. Kama mngependa kuona kwa macho kwanza, niko tayari kutembea na yeyote kati yenu kwenye jengo lolote mtakalolichagua wenyewe, futi kamba naleta mimi, ila iwe siku ya kazi na saa ambazo foleni imejaa.

Wenu katika kazi,
Fundi wa fanicha na marekebisho ya ndani

Nakala: Wasanifu, wakandarasi na wakaguzi wote wa majengo ya umma